Mkazi wa Mchana

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa jina. Ni nchi nzuri, ina bendera, ina wimbo, na watu wake wanafanya kazi sana. Anayeitafuta katika ramani asipoiona, asiwalaumu wachora ramani. Nao wana watoto wa kulisha.

Katika nchi hiyo kila mwenye nguvu aliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni, isipokuwa mawaziri, ambao kazi yao ilikuwa kuwaza, na kuwaza hufanyika vyema zaidi mtu akiwa amelala. Basi mchana kutwa mitaa ilikuwa kimya, milango imefungwa, na waliobaki ndani ni mbwa. Mbwa hana elimu ya uraia. Akiachwa peke yake kutwa nzima, hulia. Alipolia wa mtaa huu alijibiwa na wa mtaa ule, mpaka kilio kikapanda kilima walikokaa mawaziri na kuwakatiza mawazo yao.

Ndipo ikaundwa Wizara ya Makazi ya Mchana.

Waziri wa kwanza alikuwa mtu mwenye huruma. Alisema mbwa wanalia kwa sababu hawajaelezwa. Akatoa waraka wa ukurasa mmoja, na kila mwenye mbwa akatakiwa kumsomea mbwa wake kabla ya kufunga mlango: "Ndugu Mbwa, ninakwenda kujenga taifa. Nitarudi jioni. Upweke utakaousikia ndio mchango wako." Watu wakasoma. Wengine walisoma kwa hisia hata wakachelewa kazini, wakakamatwa. Mbwa wakaendelea kulia.

Waziri wa pili aliagiza picha ya Msimamizi Mkuu wa Nchi itundikwe katika kila nyumba, kwa kimo cha mbwa, ili mnyama asijione yuko peke yake. Baada ya wiki mbili picha zote zilikutwa zimelowa upande wa chini. Wizara ikatangaza kwamba mbwa wamemwaga machozi ya mapenzi, na waziri akapandishwa cheo.

Waziri wa tatu hakuwa na huruma wala picha. Alikuwa na daftari. Alisema mbwa analia kwa sababu hana cheo. Mpe namba, mpe mgawo wa chakula, mwite jina kila siku, naye atatulia kama watumishi wengine wanavyotulia. Ikapitishwa Sheria ya Makazi ya Mchana. Kila mbwa akaandikishwa na kuitwa Mkazi wa Mchana. Saa nne kila asubuhi Mhakiki wa mtaa alipita na kipaza sauti, akasimama nje ya kila geti na kumwita mbwa kwa jina, naye mbwa akatakiwa kuitika kwa kubweka mara tatu. Akiitika, huandikwa "Yupo". Akiitwa mara tatu asiitike, nyumba huandikwa "Tupu", na nyumba tupu hupewa mwingine baada ya siku tatu. Nchi haikuwa na uhaba wa hao wengine, kwa kuwa kila waziri alikuwa na wapwa.

Watu ambao tangu enzi za babu zao hawakufuga mbwa, wengine kwa dini, wengine kwa usafi, wakawa wanagombania vijibwa sokoni kama nguo za sikukuu.

Mhakiki hakuruhusiwa kuingia ndani. Si kwa heshima ya nyumba za watu. Mwezi wa kwanza wahakiki kumi na wanne waling'atwa makalio, na Wizara ikaona vema sauti itoshe kuwa ushahidi. Kwa hiyo katika nchi ile nzima hapakuwa na ofisa aliyewahi kumwona kwa macho mbwa hata mmoja kati ya wale aliowaandika. Na daftari lilikuwa safi kabisa.

*

Mzee Mwinjuma Tosiri aliijua sheria hiyo neno kwa neno, kwa sababu ndiye aliyeipanga herufi.

Alifanya kazi katika kiwanda cha chapa cha serikali miaka arubaini na mmoja. Alianza kama mfagiaji, hajui alifu wala be. Jioni, wenzake walipokwenda kwenye bao, yeye alikwenda kwenye darasa la ngumbaro akakaa benchi moja na watu wa kila umri, akapigwa mstari mwekundu na walimu waliokuwa wadogo kwake, hata akasoma, na aliposoma hakuacha. Alipofika miaka thelathini alikuwa akiwasahihishia makatibu wakuu barua zao, nao wakimshukuru kwa kutomsalimu.

Sheria ya Makazi ya Mchana ilitoka mikononi mwake bila kosa hata moja la chapa. Alikipenda hasa Kifungu cha Tisa kwa jinsi kilivyokaa vizuri katika mstari: "Mtu akitimiza miaka sitini na mitano atakuwa amekamilika, na aliyekamilika hahesabiwi kuwa yumo." Kifupi, kimenyooka, hakina mkato wa bure. Alikisoma mara tatu akakiidhinisha. Wiki sita baadaye akatimiza miaka sitini na mitano. Wakampa taulo na mwavuli, wakapiga makofi, na karani akapiga mstari juu ya jina lake.

Tangu siku hiyo, miaka saba sasa, Mzee Mwinjuma hakuwa na namba wala mgawo. Aliyekamilika akionekana barabarani mchana huokotwa kama kitu kilichodondoka, na wenyewe huitwa kuja kujaza fomu. Kwa hiyo alikaa ndani, katika nyumba ya vyumba viwili ya binti yake Mwanaidi, mjane aliyeshona katika kiwanda cha bendera na kulea watoto wawili waliosoma shule ya kutwa. Kila asubuhi Mwanaidi alifunga geti kwa nje. Mzee aliketi kwenye kigoda barazani, na pembeni yake akalala mbwa wao, Chui, ambaye kwa mujibu wa sheria alikuwa peke yake.

Mzee hakumpenda Chui, lakini alimheshimu kama mtu anavyomheshimu mtumishi wa serikali. Hakumruhusu karibu na mswala wake. Chui naye hakuonyesha kinyongo.

*

Mgawo wa Mkazi wa Mchana ulikuwa unga wa dona na dagaa. Dagaa wenyewe walikuwa wamekaa ghalani tangu enzi za waziri wa kwanza. Jumanne moja Chui alikula, akatapika, akajinyoosha kwenye kizingiti kama anayetaka kumpisha mtu. Ilipofika saa tatu na nusu alikuwa amekufa. Na saa nne haimngojei marehemu.

"Chui!" kilisema kipaza sauti nje ya geti. "Namba elfu nne mia mbili na saba! Mara ya kwanza!"

Mzee Mwinjuma alisimama. Kichwani vifungu vilijipanga vyenyewe. Ombi la mbwa mwingine huchukua siku tisini. Nyumba tupu hutolewa baada ya siku tatu. Vifungu hivyo viwili alivipanga yeye mwenyewe katika ukurasa mmoja na hakuona ajabu. Wakati ule alikuwa akitazama nafasi kati ya mistari.

"Chui! Mara ya pili!"

Aliyatazama mashuka ya wajukuu yaliyoanikwa kwenye kamba. Akalitazama geti.

"Chui! Mara ya ta..."

Mzee akabweka. Sauti iliyomtoka haikuwa ya mbwa wala ya mtu. Ilikuwa kama ya mlango wa bati uliopigwa teke.

"Chui," kikasema kipaza sauti kwa upole, "una mafua?"

Mhakiki wa mtaa huo, Bwana Pazi Kilindo, alikuwa mtu mnene, mpole, aliyeogopa mbwa kuliko kitu chochote duniani isipokuwa Wizara. Mzee, kwa kukosa jibu jingine, akabweka mara mbili zaidi.

"Pole," alisema Bwana Pazi, akaandika "Yupo", akaenda zake.

Kutoka upande wa pili wa ua wa makuti kikasikika kicheko cha mtu anayejiziba mdomo kwa kanga. Ni jirani, Bi Chiku Lugome, naye amekamilika miaka mitano, naye huachwa kutwa na mbwa wa mwanawe aitwaye Kibiriti.

"Mwinjuma wewe! Mimi nimezika waume wawili, nimeona gharika, nimeona njaa, lakini hili sikuliandalia moyo."

"Nyamaza, bibi."

"Ninyamaze mimi, ubweke wewe?"

"Chui amekufa."

Kicheko kikakatika. Bi Chiku akaanza innalillahi, akasita kwa kutojua kama inamfaa mbwa, akaimalizia kimoyomoyo.

"Basi mzike upesi," akasema. "Mzike nyuma ya jiko, uyawashe moto majani mabichi, harufu isitoke. Ukimaliza utie udhu upya."

Jioni Mwanaidi aliporudi, nyuzi za rangi tatu za bendera zimemganda nyweleni, alikuta udongo mbichi nyuma ya jiko na baba yake amekaa wima kigodani kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

"Umefanya nini, Baba?"

"Nimeitika."

Alipoelewa, Mwanaidi alikaa chini sakafuni na kanga yake mdomoni. Mzee hakujua kama analia au anacheka, na hakutaka kuuliza.

"Kesho nitakwenda ofisini kwao niseme kweli."

"Kweli ina siku tisini, mwanangu. Nyumba ina siku tatu."

"Na wewe je? Wewe ni mtu mzima, Baba. Watu wanakujua."

"Nani ananijua?" akauliza mzee, si kwa uchungu, bali kama mtu anayetaka kuhakikisha neno kabla halijachapwa.

*

Mzee Mwinjuma hakupata kufanya jambo nusu maishani mwake. Alichukua daftari la mjukuu lililobaki kurasa, akachonga penseli, akakaa barazani kusikiliza mbwa wa mtaa. Aliandika. Mbweko wa kumwona mgeni huanzia tumboni. Wa njaa huishia puani. Wa upweke hauna mwisho, huachwa tu hewani, na mwenyewe hungoja. Alijaribu kila mmoja, akajisahihisha, akarudia. Swala ya dhuha akaisogeza mapema ili mambo mawili yasigongane. Baada ya mwezi alikuwa mbwa wa kawaida. Baada ya miezi mitatu alikuwa mbwa bora wa kata nzima.

"Leo ya pili umeivuta," alisema Bi Chiku kutoka upande wake. "Umeivuta kama mwanakwaya."

"Kibiriti wako anafundishwa na nani?"

"Kibiriti hana mwalimu, ana njaa." Kisha akashusha sauti. "Mwinjuma, sikiliza. Punguza. Ni mbwa gani anayeitika kila siku mwito wa kwanza, mara tatu kamili, hapunguzi hazidishi? Mbwa hana nidhamu hiyo. Hata serikali haina."

"Kitu kikifanywa, kifanywe vizuri."

"Hata kaburi huchimbwa vizuri, babu weee."

Mzee alikasirika siku mbili nzima. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia Bi Chiku, wala Mwanaidi. Bwana Pazi alikuwa ameanza kukaa pale nje. Akisha kuandika "Yupo" alivuta tofali, akaketi kwa kuegemea geti, na kusema na Chui kupitia mwanya wa bati. Alimweleza kwamba mkewe anaondoka asubuhi kabla yeye hajaamka na kurudi usiku yeye akiwa amelala. Alimweleza kwamba katika mageti mia mbili na sitini anayopita, hili ndilo pekee analolifurahia.

"Wengine wanabweka tu, Chui. Wewe unajibu. Kila mbweko wako una mwanzo wake na mwisho wake. Zamani ulikuwa unabweka kama mlevi, sijui nini kimekuingia. Umejiendeleza."

Neno hilo lilimpiga mzee kifuani. Tangu wampe taulo hakuna mtu aliyemwambia amefanya jambo vizuri. Alifurahi, akaona haya kwa kufurahi, na kesho yake, kabla ya saa nne, akavaa shati lake jeupe lililopigwa pasi.

*

Barua ilikuja na muhuri mkubwa.

"Kwa kuwa Chui, namba 4207, ameitika mara mia moja na kumi na tisa bila kukosa hata siku moja, jambo ambalo halijafanywa na mtumishi mwingine yeyote wa umma, mwenye miguu miwili au minne, Wizara imemteua kuwa Mkazi Bora wa Mchana. Mheshimiwa Naibu Waziri mwenyewe atafika nyumbani kwake Jumamosi saa nne kumvisha shada la maua. Mwenye nyumba ameruhusiwa kutoka kazini kwa saa moja."

Mwanaidi aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma akiwa amekaa.

"Tuseme anaumwa."

"Mbwa mgonjwa hupigwa sindano ya mapumziko. Kifungu cha Kumi na Saba. Nao huja kumchukua wenyewe."

"Tuseme amekimbia."

"Ukisema hivyo umemfukuza mtumishi wa umma. Cha Ishirini. Miaka minane."

"Tutoke basi! Tuchukue watoto tuhame."

"Tuhamie wapi? Kila geti huko lina mbwa wake na daftari lake."

"Baba," akasema Mwanaidi, na sauti yake ikapasuka, "wewe umeipanga sheria yote hii kwa mikono yako. Kifungu cha kutusaidia ni kipi?"

Mzee alifumba macho akaipita sheria nzima, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayepita vyumba vya nyumba aliyoijenga akitafuta mlango wa nyuma. Alipofumbua macho alitikisa kichwa.

Ni Bi Chiku aliyetoa shauri. Alifika uani kwa kupenya makuti, kwa mara ya kwanza katika miaka mitano, akimburuta Kibiriti kwa kamba ya katani.

"Mchukueni huyu. Mpakeni mkaa mgongoni, Chui aliandikishwa kuwa na baka. Mhakiki Jumamosi atakuwa kwenu, kwangu hatapita. Nani amewahi kumwona Chui? Hakuna. Watavisha maua yao, watapiga tarumbeta, wataondoka."

"Na akitakiwa abweke?"

"Si mbwa? Atabweka. Hiyo kazi nyingine ni wewe uliyeitia mapambo."

*

Jumamosi mtaa ulifagiliwa na watu waliokamatwa kwa kutofagia. Ikaja bendi ya tarumbeta, likaja zulia, yakaja magari matatu na lori moja lenye kizimba cha vyuma. Naibu Waziri alishuka akiwa amevaa kinga za ngozi magotini, maana alikuwa mtu wa tahadhari. Kibiriti alisimama mbele ya mlango, ameoga, utepe shingoni, baka la mkaa mgongoni, amefungwa mnyororo mfupi. Mwanaidi alikuwa ameshika mnyororo kwa mikono miwili. Mzee Mwinjuma alikuwa jikoni, nyuma ya gunia la mkaa, amevaa shati lake jeupe. Kwa nini amelivaa hata yeye hakuweza kusema.

"Ndugu wananchi, na ndugu mbwa," alianza Naibu Waziri. "Walikuwepo watu, sitaki kuwataja, maana hawapo tena, waliosema mbwa ataendelea kulia maadamu anaachwa peke yake. Leo tunawauliza, huko waliko: analia? Halii! Anaitika! Taifa ambalo mbwa wake wanaitika ni taifa ambalo watu wake hawana haja ya kuulizwa. Mbwa huyu angeweza kulala. Angeweza kusema, saa nne nina udhuru. Hakusema! Ndugu zangu, mara ngapi sisi wenyewe tumesema?"

Watu walipiga makofi, wengine kwa kuangalia wenzao wanapigaje.

"Na sasa," akasema Naibu Waziri, "tumsikie."

Bwana Pazi alisogea na kipaza sauti. Alikuwa amekata nywele.

"Chui! Namba elfu nne mia mbili na saba!"

Kibiriti alijikuna. Alipoitwa mara ya pili alibweka mara moja, akapiga chafya, akabweka nne nyingine za haraka haraka, kavu, kama mtu anayekohoa pilipili. Tarumbeta zikainuliwa. Naibu Waziri akanyoosha shada.

"Mheshimiwa, huyu siye," akasema Bwana Pazi.

Hakusema kwa ubaya. Katika serikali ile nzima huenda ndiye mtu pekee aliyesema kweli siku hiyo, na aliisema kwa mapenzi. "Huyu ni Kibiriti wa nyumba ya pili. Mimi nimemsikiliza Chui miezi minne, Mheshimiwa. Sauti yake naijua kuliko ya mke wangu. Wamemficha! Labda wanamwonea, labda wamempiga!" Na macho yake yakajaa maji.

Askari wakaingia ndani. Wakapekua chumba cha kwanza na cha pili. Walipotoka jikoni walikuwa wamemshika mzee kwapani, shati jeupe limeingia mkaa.

"Huyu nani?" akauliza Naibu Waziri.

Karani wa Wizara, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, alifungua daftari akalipitisha kidole. "Hayumo, Mheshimiwa. Nyumba hii ina mwanamke mmoja, watoto wawili, na mbwa."

"Sasa huyu ni mwanamke?"

"Si mwanamke, Mheshimiwa."

"Ni mtoto?"

"Hapana."

Naibu Waziri alifumba macho. Alikuwa akiwaza, na ilikuwa mara ya kwanza wananchi kuliona jambo hilo likifanyika mchana kweupe.

Karani alimgeukia Mwanaidi kwa adabu. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa na daftari la kufunga kabla ya saa sita. "Dada yangu, mambo ni mepesi. Huyu akiwa ni mzee tu, basi mbwa hakuwepo. Nyumba ilikuwa tupu siku mia moja na kumi na tisa, umekula mgawo wa taifa, na Mheshimiwa ametoka kitandani kuja kuvisha maua kitu ambacho hakipo. Hilo la mwisho, dada yangu, watu hunyongewa. Watoto watakwenda makao. Akiwa ndiye Chui, hakuna kosa lolote. Daftari haliwezi kuwa na kosa, na mimi sitaki kuligombanisha na mtu. Nitaandika utakalosema wewe. Huyu ni nani?"

Kalamu ikakaa juu ya karatasi.

Mzee Mwinjuma alimtazama binti yake. Alimwona anavuta pumzi. Aliona midomo inakutana, na akalijua neno linalokuja, maana ndilo la kwanza alilolisema akiwa na meno mawili, na hajawahi kulisema kwa mtu mwingine. Ni neno la herufi nne. Lingekaa vizuri sana katika mstari ule mtupu wa daftari, na baada ya miaka saba angekuwa yumo.

Mwanaidi akafungua kinywa, na mzee akabweka.

Akabweka kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akilifunika neno lile lisimfikie karani. Watu waliona midomo ya Mwanaidi ikitikisika na hawakusikia kitu.

"Unasemaje, dada? Sauti haifiki."

Mwanaidi akasema tena, akipiga kelele sasa, na mzee naye akapandisha. Askari wakamwachia kwapa kwa mshangao, akaanguka kwa magoti, akaweka viganja chini ili asipungukiwe pumzi, akaendelea, bila mpangilio, bila mara tatu, bila mwanzo wala mwisho, mpaka mate yakamtiririka kidevuni na Bi Chiku, upande wa pili wa makuti, akasikika akisema, "Basi, Mwinjuma, basi, kaka yangu, amenyamaza."

Kweli, Mwanaidi alikuwa amefunga mdomo.

"Mhakiki," akasema karani, "hii sauti unaijua?"

Bwana Pazi alikuwa amevua kofia. Alimtazama mzee aliye chini, akalitazama lile geti, na lile tofali lake. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekumbuka mambo yote aliyowahi kumwambia mbwa.

"Ndiye," akasema. Akageuka akatazama ukuta.

Karani akaandika. Tarumbeta zikalia. Naibu Waziri, kwa ujasiri uliopigiwa makofi marefu, alisogea hatua mbili akarusha shada la maua, likaingia shingoni mwa mzee mara ya kwanza. Kisha akaongeza, kwa furaha ya moyo wake, jambo ambalo halikuwemo katika barua:

"Mbwa wa namna hii, ndugu wananchi, si wa kuachwa peke yake mchana kutwa. Ni upotevu! Atakwenda katika Bweni la Taifa akawafundishe wenzake kuitika. Nyumba hii itapewa mbwa mwingine kesho asubuhi, mdogo, mwenye afya. Dada, hongera. Rudi kazini sasa, saa yako imekwisha."

Mwanaidi hakusogea. Askari mmoja akamgusa bega, akamwonyesha saa. Akaokota mkoba wake, akaenda, akitembea kwanza, kisha akikimbia, kwa sababu kiwanda cha bendera kilikuwa mbali, nalo geti la kiwanda hufungwa kwa ndani saa ikipita.

*

Ndani ya lori mlikuwa na mbwa kumi na mmoja, washindi wa kata nyingine. Njia nzima walikuwa wamebweka, kila mmoja kwa lahaja ya mtaa wake. Walinzi waliinua mlango wa vyuma, wakamsukuma mzee ndani, wakafunga.

Mbwa wakanyamaza wote kwa pamoja.

Mzee alikaa kwenye sakafu ya bati, maua yamemning'inia, mgongo kwenye vyuma. Akaona macho ishirini na mawili yamemwelekea. Alifikiri watamrarua, akaona si vibaya. Mmoja, jike la rangi ya kahawia lenye sikio lililochanika, alimjongea akamnusa viganja, akamnusa magoti, akamnusa mdomo uliokauka mate. Mkia wake ukaanza kutikisika polepole. Akarudi nyuma hatua moja, akaketi kitako. Mwingine naye akaketi. Na mwingine. Hakuna aliyekuwa amewaonyesha daftari.

Lori likaondoka, likashika barabara ya Bweni. Mbwa wote kumi na mmoja walikuwa wameketi mbele yake, masikio wima, wanamtazama usoni kama mbwa wanavyomtazama mtu, wakingoja awaambie wanapelekwa wapi na wafanye nini. Mzee Mwinjuma akafungua kinywa. Alikuwa na maneno mengi mazuri aliyoyasoma kwa miaka mingi, na hakuona hata moja la kuwapa.